Tiketi Iliyoishia Kabingo

Mkaguzi alipanda basi pale Kabingo akiwa bado anatafuna chapati. Alipofika kiti cha Chantal alikuwa ameshaimeza na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Tiketi."

Chantal alimpa. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nakivale alikuwa ameibana mkononi pamoja na simu yake, na gunia la unga wa muhogo alikuwa amelibana kati ya miguu. Unga ule ulikuwa wa wateja wake wa Mbarara, Wakongo wenzake waliochoka na posho ya mahindi.

Mkaguzi akasoma. "Nyabo, mama yangu, shuka."

"Nishuke wapi? Mimi nakwenda Mbarara."

"Tiketi yako inasema Kabingo. Kabingo ndiyo hiyo tumeacha nyuma. Sasa unasafiri bure."

"Bure? Papa, minalipa mpaka Mbarara. Elfu kumi na mbili. Muulize konda."

Watu wakageuka kumtazama konda. Melchior, Mrundi aliyekuwa akikaribia miaka arobaini, alisimama mlangoni na mashine ya tiketi imemning'inia shingoni. Kule Nakivale abiria wote walikuwa wameiona mashine hiyo ikikwama. Melchior aliipiga gotini, akaipuliza, akaipiga tena, nayo ikatapika tiketi tatu kwa mkupuo. Mbili walizichukua watu walioshukia Kabingo. Ya tatu ilikuwa ya Chantal. Alikuwa amempa Melchior noti ya elfu ishirini, na Melchior, kwa kukosa chenji, akachomoa kalamu iliyokuwa sikioni, akaandika mgongoni mwa tiketi kama makonda wafanyavyo, akasema, "Utanikumbusha mbele, mama."

"Melchior," mkaguzi aliita, "huyu mama alilipa wapi?"

Melchior aliitazama mashine, kisha akatazama nje. Kampuni ya mabasi yale ya kijani ilikuwa na desturi: kosa la mashine linakatwa kwenye mshahara wa konda. Na konda mkimbizi, asiye na hata karatasi ya kuajiriwa, hakatwi mshahara tu.

"Mashine ndiyo inajua, bosi," alisema.

Nyuma ya basi mtu mmoja alicheka. "Hawa Wakongo wanapenda cha bure! Chakula bure, shamba bure, sasa hata basi!"

"Wewe unayesema bure," Chantal alimjibu bila kugeuka, "siku moja ukae kwa foleni yangu, nitakuachia fasi."

Watu wakacheka, safari hii upande wake, lakini kicheko hakilipi faini. Faini ilikuwa elfu hamsini. Chantal alikuwa na elfu tatu kwenye pindo la kitenge. Mkaguzi akanyoosha mkono, akaichukua simu.

Hapo ndipo Chantal aliposimama. "Papa, chukua unga. Gunia lote hili. Ni unga muzuri."

"Mimi nitapeleka unga ofisini?"

"Basi nipe laini tu. Simu bakia nayo. Laini, papa, ile kadi ndogo ya ndani."

"Simu inaandikwa kama ilivyo." Aliandika kwenye kitabu chake, akachana karatasi ya waridi, akampa. "Siku kumi na nne. Ukilipa, unapewa. Usipolipa, inauzwa. Kama una malalamiko, njoo ofisini Jumatano, na tiketi yako. Bila tiketi, hakuna maneno."

Akamrudishia tiketi. Basi likaendelea. Chantal alibaki amesimama, kiganja chake kikiwa wazi, kama mtu ambaye ndege ameruka kutoka mkononi mwake na yeye bado anadhani atatua tena.

*

Katika simu ile alikuwamo Divine.

Divine, binti yake, alikuwa na miaka kumi na saba siku walipopoteana njiani wakitoka Fizi, kwao Kongo. Ilipita miaka miwili bila neno. Kisha, mwaka jana, baada ya ibada ya Jumapili, simu ya mamake ikalia namba ngeni, na sauti ikasema, "Mama? Ni miye." Alikuwa Kalemie, kulekule Kongo. Hakuwa na simu yake mwenyewe. Alikodi ya watu. Hakupiga kila Jumapili, na kila mara namba ilikuwa nyingine. Yeye ndiye aliyeijua namba ya mamake. Mamake hakuwa na namba yake.

Laini yenyewe haikuandikishwa kwa jina la Chantal. Ilikuwa ya Olga, jirani aliyepelekwa Kanada, aliyemwachia laini pamoja na jiko la mkaa na ndoo mbili. Laini ya namna hiyo ikipotea, hakuna duka la kuirudisha. Watamwita Olga aje na kitambulisho chake, na Olga yuko kwenye theluji.

"Basi tuko na ushahidi," alisema mumewe Constantin siku ile Chantal alipofika nyumbani. Constantin alikuwa sekretere wa shule ya msingi huko kwao. Aliiweka tiketi mezani, akaikodolea macho. "Hapa: Kabingo. Hapa: saa. Tutasema mashine ilikwama saa hii, kwa basi hii. Watatafuta konda wao. Karatasi haiogopi mutu, Mama Divine. Mutu ndiye anaogopa."

"Jumatano," Chantal alisema.

"Jumatano."

Usiku ule mvua ilinyesha. Turubai la paa lilivuja palepale lilipovuja siku zote, na Constantin aliamka kuihamisha tiketi kutoka kwenye rafu hadi ndani ya Biblia, na kutoka ndani ya Biblia hadi mfukoni mwake. Mwaka wa kwanza, mvua ya namna hii ilikuwa imeifuta barua waliyopewa Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, siku ya kuandikishwa, nao wakapoteza miezi minne wakithibitisha kwamba wamefika mahali ambapo walikuwa wanaishi. Tangu hapo nyumba yao haikuwa na karatasi isiyofunikwa. Cheti cha familia kilikuwa ndani ya plastiki. Kadi za chanjo, ndani ya plastiki. Cheti cha ubatizo cha Divine, ambacho hakuna ofisi iliyowahi kukiuliza, kilikuwa ndani ya plastiki nene kuliko zote.

Kulipokucha, Constantin alivaa koti lake, akaenda Base Camp, penye maduka ya kambi, kwa Rénovat, mwenye kibanda cha kutoa fotokopi.

"Nipigie plastiki," alisema.

Rénovat aliigeuzageuza tiketi. "Papa Divine, kakaratasi kadogo namna hii?"

"Ushahidi haupimwi kwa urefu."

Rénovat akacheka, akawasha mashine yake, wakaongea habari za mvua mpaka taa ilipokuwa ya kijani. Tiketi iliingia nyeupe kati ya plastiki mbili. Ilitoka upande wa pili polepole, ingali moto, inang'aa, imenyooka. Na ilikuwa nyeusi. Nyeusi yote, kama chini ya sufuria. Hakuna Kabingo, hakuna saa, hakuna basi.

Wote wawili waliitazama.

"Yesu," Rénovat alisema. "Hii karatasi ni ya aina gani?"

Constantin alitoa shilingi elfu moja. Rénovat aliusukuma mkono wake. Constantin akausogeza tena, na Rénovat akausukuma tena, na hapo Constantin alijua kwamba anahurumiwa. Hakuna alilolichukia zaidi ya hilo, yeye aliyewahi kushika muhuri wa shule.

*

Hakurudi nyumbani mpaka jua lilipoanza kuinama. Chantal alikuwa anatwanga muhogo. Alipokea ile plastiki, akaifuta vumbi la unga kwa kiwiko.

"Umeipika," alisema.

"Nilitaka isilowe."

"Haijalowa."

Akaendelea kutwanga. Constantin alisubiri atukanwe, maana matusi yana mwisho. Lakini Chantal alitwanga tu, na mchi ulipanda na kushuka mpaka jirani akatokeza kichwa kuuliza kama kuna harusi.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake walikaa chini ya ukuta wa kanisa kama kawaida yao. Chantal alikaa pia. Wakati ule ambao simu ilikuwa ikilia, mkono wake ulikwenda kifuani, pale alipokuwa akiificha ndani ya nguo, ukapapasa kitenge kitupu. Ulikwenda mara tatu. Mara ya tatu mama mmoja akamuuliza, "Unaumwa na moyo, Mama Divine?" Naye akajibu, "Ndiyo," kwa sababu lilikuwa jibu fupi.

Jumatano ya kwanza ikapita kwa kukosa nauli. Kuku mmoja aliuzwa, kisha kuku wa pili, yule mtagaji. Jumapili ya pili Chantal hakwenda kanisani kabisa. Alisema atabaki kuchunga muhogo uliokuwa unakauka juani, na aliuchunga kweli, akauhesabu kipande kwa kipande, ili kichwa chake kisiende Kalemie.

"Pengine hakupiga," Constantin alimwambia jioni.

"Nyamaza, Papa Divine."

"Nasema pengine."

"Kama hakupiga, ni mugonjwa. Kama alipiga, hakuna aliyemujibu. Unataka nichague nini?"

*

Jumatano ya pili ilikuwa siku ya kumi na nne. Walipanda basi la kijani alfajiri. Constantin alikuwa amepanga jambo: tiketi za leo zikitoka na neno Kabingo, watazishika mkononi kama mashahidi wapya. Konda hakuwa Melchior. Mashine ilitoa tiketi mbili bila kukohoa. Constantin akavaa miwani.

"Inasema nini?" Chantal aliuliza.

"Mbarara."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Leo ina akili."

Ofisi ilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi, chumba chenye dirisha la vyuma na benchi moja. Walikuta watu sita mbele yao. Saa sita kasoro ndipo walipoitwa na mwanamke aliyekaa juu ya mto, kikombe cha chai pembeni. Kibandiko kifuani pake kilisema Benitha.

Constantin alivua kofia. Akatoa barua ya kurasa mbili aliyoiandika kwa mkono, akaitanguliza kwa mikono miwili. "Mama, kwa heshima zote, tumekuja juu ya faini ambayo..."

"Ssebo, mzee, sisi hapa hapana soma barua. Tunasoma tiketi. Iko wapi?"

Chantal aliiweka mezani.

Benitha aliinama. Akaigusa kwa kucha. "Hii ni nini?"

"Tiketi," Constantin alisema.

"Tiketi? Bannange!" Aliinyanyua juu ili wenzake wawili waione. "Njooni muone. Watu wa Nakivale wameleta tiketi. Hii si chapati ilikaa kwa moto ikaungua?"

Wenzake wakaja, wakacheka. Mmoja aliuliza kama wamezika mtu humo ndani. Constantin alisimama wima na kofia yake kifuani, akisubiri kicheko kiishe kama mtu anavyosubiri lori lipite barabarani. Kofia ilikuwa imekunjika kati ya vidole vyake. Chantal aliiona, na hasira yote aliyokuwa amemwekea mumewe kwa siku kumi na tatu ikahama, ikavuka meza.

"Ilipikwa na plastiki," Constantin alieleza. "Mimi ndiye nilifanya. Nilitaka kuitunza."

"Pole, ssebo. Lakini mimi nitasoma nini hapa? Giza?" Benitha akairudisha mezani. "Leo ndiyo siku ya mwisho. Elfu hamsini, mnachukua simu. Kama hakuna, kesho inauzwa. Kale, basi, mwingine aingie."

Constantin akageuka kwenda. Chantal hakugeuka.

"Sawa," alisema. "Na chenji yangu?"

"Chenji gani?"

"Mama Divine," Constantin alinong'ona, "acha. Tumeshapata haya ya kutosha."

"Haya ni yako, chenji ni yangu. Nilimpa konda elfu makumi mbili. Hakuwa na chenji, akaandika. Halafu mukubwa wake akaninyang'anya simu, nikashuka Mbarara na kichwa kimezunguka, sikudai. Simu muuze. Elfu nane yangu munipe, ninunue chumvi."

"Nyabo, aliandika wapi?"

"Kwa mugongo."

Chantal aliigeuza ile plastiki.

Mgongo wa tiketi ulikuwa mweupe. Moto ulikuwa umeupika upande mmoja tu, ule wa mashine, unaoandikwa kwa joto badala ya wino. Upande wa pili, ambao hakuna aliyejisumbua kuutazama tangu siku ile, wino wa buluu ulikuwa umekaa salama chini ya plastiki: 20,000. Chini yake, 8,000/=, ndani ya duara. Pembeni, herufi M yenye mkia mrefu.

Benitha aliacha kutabasamu. Aliivuta karibu na dirisha. Ule mkia aliujua. Uliingia kwenye kitabu chake kila jioni Melchior alipokuja kukabidhi.

Constantin alirudi mezani taratibu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ikawa ile ya zamani, ya ofisini. "Mama, samahani. Kutoka Nakivale mpaka Kabingo ni ngapi?"

"Elfu sita."

"Na mpaka Mbarara?"

"Kumi na mbili."

Hakuuliza jingine. Benitha alitazama namba, midomo yake ikahesabu bila sauti. Mtu anayeshukia Kabingo hadai elfu nane. Angedai kumi na nne. Wenzake walirudi kwenye viti vyao, kila mmoja akapata kazi ya haraka.

"Mbona hamkusema mapema?" Benitha aliuliza.

"Ulikuwa unacheka," Chantal alisema.

Benitha akapokea karatasi ya waridi kwa Chantal, akaikata kwa mistari miwili, akafungua droo. Ndani kulikuwa na simu saba au nane, zimelaliana. Aliitambua mara moja.

"Ni hii. Hii ilitusumbua! Jumapili moja nilikuwa zamu, inalia tu, inalia tu. Mara nne. Nikaizima."

Chantal alishika ukingo wa meza.

"Hukupokea?"

"Simu si yangu, nyabo. Ningesema nini?"

"Ungesema allo," Chantal alisema. "Allo tu."

Benitha alimtazama, kisha akamtazama Constantin, ambaye alikuwa ameinamisha uso ndani ya kofia. Hakuuliza ni nani aliyekuwa akipiga. Alichomoa simu yake mwenyewe kwenye chaja, akachomeka ya Chantal. Halafu akafungua kijisanduku, akatoa noti, elfu nane.

"Nitamkata Melchior."

"Usimukate," Chantal alisema. "Mudomo wake uliogopa. Kalamu yake haikuogopa."

*

Nje, kwenye baraza, mwanamke alikuwa akiuza muda wa maongezi chini ya mwavuli. Chantal alimpa zile elfu nane.

"Bakisha hata elfu mbili," Constantin alisema. "Kalemie ni mbali, lakini na chumvi..."

"Yote," Chantal alimwambia muuzaji.

Namba ilikuwamo bado, mara nne mfululizo, namba moja. Iliita muda mrefu. Kisha mwanamume akajibu, na nyuma yake kukasikika soko.

"Allo? Nani?"

"Papa, namba hii ilinipigia Jumapili ile ingine. Mara ine."

"Batu mingi banapigaka hapa, mama. Ni simu ya kukodisha."

"Ni musichana. Ako na kovu hapa kwa kidevu."

"Aah. Ule mwenye kuuza mikate?"

Constantin alikuwa amesogeza sikio karibu na lake, miwani yake ikigusa shavu lake.

"Sijue anauza nini," Chantal alisema.

"Ndiyo yeye, wa kovu. Alipiga, akapiga. Akasema labda mama alihama, ao alimuchoka. Akalipa, akaenda."

"Alirudi?"

"Hapana, mama. Tangu ile siku sijamuona. Saa ingine anakuja, saa ingine hakuji. Kalemie ni kubwa."

Kwa siku kumi na nne Chantal alikuwa amepanga maneno: mashine, mkaguzi, droo, mvua, plastiki. Alikuwa ameyapanga vizuri, kila usiku, yakafika marefu kama barua ya Constantin. Sasa aliyatafuta, akakuta mawili matatu tu.

"Papa, akirudi, umuambie mama hakuhama. Umuambie iko fasi ileile. Simu iko kwa mukono."

"Hakuhama, fasi ileile... Mama, nitasahau. Batu ni mingi hapa."

"Usisahau."

"Ngoja, nitafute karatasi niandike."

"Na kalamu, papa," Chantal alisema haraka. "Uandike na kalamu. Uandike nguvu."

Mtu yule akaiweka simu chini. Chantal alisikia droo ikifunguliwa, vitu vikipekuliwa. Muda wa maongezi ulikuwa unakwisha. Alijua, na hakuukata. Upande ule wa mbali gari lilipiga honi, mbuzi akalia, na sauti za wasichana zikapita karibu na simu wakinadi bidhaa zao, mmoja, kisha mwingine. Chantal aliinua mkono kumnyamazisha Constantin, ambaye hakuwa amesema neno, akazisikiliza sauti zile moja baada ya nyingine.